Dawa Aliyoitoa Katekista

Nyie vijana wa uuguzi mnaopita hapa kwetu Nsemulwa, mjini Mpanda, na vishikwambi vyenu, kila mkikaa barazani kwangu mnaniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikiwajibu utafiti, mnatazamana. Mnadhani nilikaa ofisini kwenye feni. Kwa miaka kadhaa ya tisini kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wazima, wenye heshima zao, habari za choo. Umekwenda mara ngapi tangu jana? Kilikuwa kigumu, laini au maji? Damu ilichanganyika au ilikaa juu yake? Uliwahi kufika, au ulichafuka njiani?

Jaribuni kumuuliza hayo mtu anayesimama mbele ya kanisa kila Jumapili, na mkewe amekaa pembeni anasikiliza. Mtajua kama kazi hiyo ni ya feni.

Nitawaambia siri ya kwanza, maana chuoni hawaifundishi. Ukiuliza kwa kunong'ona, mgonjwa ataona aibu kwa sababu wewe umeona aibu. Ukiuliza kwa sauti ile ile unayomuulizia bei ya mchele, atakujibu. Haya nilifundishwa na Mama Eufrasia, muuguzi mkuu wetu, mama wa Kifipa aliyekuwa hacheki kazini wala hanuni. Yeye alikuwa akisema, "Choo ni habari kama habari nyingine. Usiifanye iwe umbea."

Ugonjwa tuliokuwa tunautafutia dawa ni vidonda vya utumbo mpana. Siyo vile vidonda vya tumbo mnavyovijua, vya kuunguza mtu akichelewa kula. Hivi viko chini, vinaanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Utando wa ndani wa utumbo unachubuka, unatoa damu na kamasi. Mgonjwa anakimbia chooni, anajikamua, anapata damu kidogo tu, akisimama anasikia tena anaitwa. Anakonda. Anaishiwa damu mpaka viganja vinakuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Na wala ugonjwa huu hauletwi na mdudu unayeweza kumuua kwa dawa ukamaliza.

Hapo ndipo ulipotusumbua. Mpanda ya wakati huo, bado tuko ndani ya mkoa wa Rukwa, kila aliyekuja anahara damu tulimpa dawa ya kuhara damu. Wengi walipona, kwa kuwa wengi walikuwa na kuhara damu kweli. Wachache walirudi, tukawapa tena. Wakarudi tena. Mwisho wakaacha kuja, wakaenda kwa waganga, na sisi tukasema wamepona.

Daktari Ndosi ndiye aliyetufumbua macho. Alikuja kwa treni kutoka Tabora na masanduku yake, mtu mrefu, mpole, anayetembea ameinama kama anayetafuta shilingi iliyodondoka. Katika masanduku hayo kulikuwa na bomba la chuma la kuchungulia utumbo, lenye taa, na makatoni ya chupa ndogo za plastiki zilizofungwa kwa karatasi inayong'aa ili zisipigwe na mwanga. Mpanda ilikuwa kituo kimojawapo tu cha utafiti huo, tena kidogo. Wagonjwa wetu wote wangetosha benchi moja.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kila mgonjwa alipewa vidonge vilivyokuwa vinajulikana tayari, salfasalazini. Juu ya vidonge alipewa chupa za dawa mpya ya kupiga bomba, yaani kuiingiza kwa njia ya haja kubwa, ili iguse vidonda pale pale vilipo. Lakini si chupa zote zilikuwa na dawa. Wengine walipata dawa yenyewe, wengine walipata maji mazito yanayofanana nayo, hayana kitu. Mgonjwa hakujua anapata ipi. Mimi sikujua. Daktari hakujua. Waliojua walikuwa mbali, kwenye hospitali kubwa iliyokuwa inasimamia kazi. Na mgonjwa yeyote akizidiwa, anatolewa kwenye utafiti mara moja na kuanzishiwa dawa kali zaidi.

Sasa nendeni mkamweleze hayo mtu aliyekuja hospitali kutafuta kupona.

Sitasahau siku tulipomweleza Kulwa. Alikuwa kijana wa Kisukuma, familia yao ilishuka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, wakaweka boma nje ya Sibwesa. Alimleta mkewe, Holo, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli mpaka barabarani, halafu wakapanda lori la mahindi. Holo alikuwa mdogo bado, amejifunika kitenge mpaka puani, macho tu ndiyo yanaonekana. Kulwa ndiye aliyekuwa anaongea.

"Daktari, unasema chupa nyingine ni dawa na nyingine ni maji?"

"Ndiyo."

"Ya mke wangu ni ipi?"

"Sijui."

"Unampa dawa usiyoijua?"

"Nampa vidonge ninavyovijua. Chupa siijui. Hakuna anayeijua hapa, ndiyo maana tunapima. Tukijua nani anapata nini tutaanza kuona tunachotaka kuona."

Kulwa akachukua kofia yake. Alisimama kabisa, akamwonyesha mkewe mlango. Holo hakusimama. Kutoka ndani ya kile kitenge tulisikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Mimi nabaki," alisema. "Wengine wote walisema wanajua. Huyu amesema hajui. Nabaki kwa huyu."

Waganga ambao Holo alipelekwa kwao walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na uhakika wake. Mmoja alimtaja shangazi, mwingine akataja kaburi walilolipita njiani wakihama. Lakini jambo lililokuwa linamuua Holo lilikuwa jingine, nami nililijua baadaye, tulipobaki wawili. Kwao mkwe wa kike hakai karibu na baba mkwe wake, sembuse kumwacha ajue kwamba anakwenda choo. Kwa hiyo kila tumbo lilipomshika alikwenda mbali, porini kabisa, asionekane. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, kazi za nyumbani zinalala. Watu wa boma wakaanza kusema: huyu ana mtu huko. Mzee Masanja, baba mkwe, hakujua ugonjwa. Alichojua ni kwamba mkwe wake anapotea porini kila siku. Alikuwa ameshasema wakati wa mavuno atamrudisha kwa baba yake.

"Na wewe hukumwambia hata mama mkwe?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini, sista? Nimwambie natoa damu huku nyuma?"

Nikamuuliza maswali yangu kwa sauti ya bei ya mchele, naye akajibu yote.

Mgonjwa mwingine ninayetaka mmjue ni Teodori, katekista wa upande wa Kibaoni, kule Mpimbwe. Mimi ni mtu wa huko, kwa hiyo tuliongea Kipimbwe kidogo, na hiyo ilimsaidia. Alikuwa mkulima wa mpunga, mnene hapo zamani, sasa shati linampwaya mabegani. Siku ya kwanza tulimwambia alete choo kwa ajili ya maabara, maana lazima kwanza tuondoe amiba, kichocho na kuhara damu kabla ya kusema ni vidonda. Yeye akakitoa nyumbani, akakitia kwenye kiberiti, kiberiti kwenye kopo, kopo kwenye mfuko wa nguo, mfuko kwenye kikapu, akaweka na maua juu. Akasafiri nacho kupita hifadhi ya wanyama, na mbung'o wote wale. Kilipofika kilikuwa kimekauka kama kashata. Mtu wa maabara alikigonga mezani, kikalia.

"Baba," alimwambia, "hiki nitakiangalia kwa darubini au kwa nyundo?"

Teodori alicheka kuliko sisi wote. Ndivyo alivyokuwa. Tukampa kopo jipya na kumwonyesha choo cha pale pale hospitali. Choo cha maabara kinatakiwa kiwe cha moto, vijana. Yule amiba akipoa anakufa, na akifa humuoni.

Siku za mwanzo wagonjwa walilala kwenye banda la wasindikizaji, ili niwafundishe kupiga bomba wenyewe. Hili nalo andikeni. Kwanza mgonjwa aende choo. Chupa isiwekwe baridi, ishikwe kwapani au iwekwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maana dawa ya baridi utumbo unaitema. Alalie ubavu wa kushoto, goti la kulia alikunje kifuani. Ncha ya chupa apake mafuta. Aminye polepole kama anayemmiminia mtoto uji, kisha akae vile vile, asiinuke, asiitwe, asibebeshwe mtoto. Teodori alisema atatumia muda huo kusali rozari. Nikamwambia ni vizuri, mafumbo yote matano, tena asiyakimbize.

Baada ya muda si mrefu Teodori alianza kupona. Alipona kwa namna iliyowafanya watu wote pale wageuke. Damu ilikatika, akaanza kula, mwili ukarudi, akacheka kwa sauti kwenye foleni. Kila aliporudi hospitali kuchukua chupa nyingine aliwaambia watu kuwa dawa hii ni ya ajabu, na kwamba yeye bila shaka alipata ile yenyewe.

"Hujui, baba," nilimwambia.

"Nyie ndiyo hamjui. Mimi ninayo tumboni."

Holo hakuwa hivyo. Yeye alikwenda pole. Ukimwangalia haraka ungesema hakuna kitu. Lakini mimi niliyekuwa nauliza kila mara nilikuwa naona damu inapungua kidogo, na kwamba sasa anaweza kulala mpaka asubuhi. Mwenyewe hakuona hivyo, kwa sababu alikuwa anajipima kwa Teodori. Walikutana kila mara siku ya kuchukua dawa, wakasubiri magari pamoja pale kwenye banda la kupikia. Yeye anamwona katekista ananenepa, na katekista anamwona binti wa watu bado kitenge puani.

Ndipo mwaka ulipoingia masika na barabara zikaharibika. Kuna wakati hawakuja kabisa. Njia ya hifadhini ilikatika, na kule Sibwesa malori yalikwama kwenye tope mpaka majani yakaota juu ya matairi, au ndivyo madereva walivyotuambia. Tulikuwa tumewapa chupa za ziada, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi mkubwa.

Holo aliletwa mvua zilipopungua. Safari hii hakukaa kwenye kiti cha baiskeli, alifungwa kwenye machela ya miti, vijana wanne wa boma wakambeba mpaka barabarani. Na aliyekuja naye, pamoja na Kulwa, alikuwa Mzee Masanja mwenyewe, na fimbo yake na blanketi begani. Siri ya Holo ilikuwa imekwisha. Mtu anayetoa damu vile hawezi kuificha.

Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia, tumbo limejaa, homa juu. Daktari Ndosi alipobonyeza tumbo lile Holo alifumba macho tu, hakulia. Daktari akanitazama. Sisi tuliokaa na ugonjwa huu tunajua maana yake: utumbo ukifika hapo unaweza kupasuka.

"Anatoka kwenye utafiti sasa hivi," alisema. "Dripu, dawa ya stiroidi ya mshipa, asile kitu. Na damu."

Akamgeukia Kulwa. "Chupa alitumia zote?"

"Alitumia, daktari. Alitumia zake zikashindwa, tukatumia hata za katekista. Nazo zimeshindwa."

"Za katekista zipi?" niliuliza.

Kulwa akaeleza bila wasiwasi, kwa sababu hakuona kosa. Mara ya mwisho walipokuja, kabla ya mvua, Teodori alimwita pembeni. Akamwambia, mimi nimepona, na dawa iliyoniponya ni hii. Huyu binti anapewa maji. Chukua katoni langu umpe. Nami nitachukua la kwenu, watu wa hospitali wasione pengo. Wakabadilishana hapo hapo, chini ya banda, mimi nikiwa ndani natafuta kadi zao.

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Si kawaida yake kukaa kitandani kwa mgonjwa.

Kilichokuwa cha haraka kilikuwa damu. Miaka hiyo damu ilitoka kwa ndugu, na ndugu waliogopa, maana ilipimwa kwanza na kila mtu alijua inapimwa nini. Kulwa alijitolea, kundi lake la damu likagoma. Nikawageukia wale vijana wa machela, nikaona wanaangalia miguu yao. Ndipo Mzee Masanja aliposimamisha fimbo yake ukutani.

"Chukua yangu."

"Mzee, umri wako..."

"Nilimtolea ng'ombe zizi zima. Sasa nimnyime kikombe cha damu? Chukua."

Ilipimwa, ikakubali. Alilala kitanda cha pili, pazia kati yake na mkwe wake, kwa maana hata hapo hakutaka kumkosea heshima. Alinena na pazia. "Sista, mwambie huyo binti kwamba kama ningejua ni tumbo, nisingesema niliyoyasema."

Holo alikuwa anasikia. Hakuwa mbali zaidi ya mkono mmoja. Nikamfikishia hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi Daktari Ndosi alinichukua tukaenda kwenye chumba cha redio. Simu za kuaminika hatukuwa nazo, tulikuwa na redio ya upepo, na ukiongea nayo hata walio nje kwenye foleni wanasikia. Alitaka kujua chupa za wale wawili zilikuwa na nini, kwa sababu wote walikuwa wameshatoka kwenye utafiti kwa kule kubadilishana, na kwa sababu lazima ajue Holo alikuwa ametumia nini tumboni kabla hajaamua kama ampeleke Tabora kwa upasuaji.

Redio ilikoroma sana. Kisha sauti ya mwanamke ikaja.

"Mpanda, wa Sibwesa alipewa dawa. Narudia, dawa. Ova."

"Nimepata. Na wa Kibaoni? Ova."

"Wa Kibaoni hakupewa dawa. Narudia, hakupewa. Ova."

Daktari aliweka kipaza sauti chini polepole. Tulikuwa tunawaza kitu kimoja. Teodori alipona na maji. Holo alikuwa anapata dawa yenyewe, akaitoa, akachukua maji ya Teodori.

"Kwa hiyo aliiacha dawa akaugua," nilisema.

"Usiseme hivyo."

"Lakini si ndivyo ilivyo?"

"Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Labda angezidiwa hata na dawa. Labda Teodori alipona kwa vidonge, labda alipona tu. Watu wawili hawawezi kutuambia kitu, sista. Wangeweza, tusingehitaji utafiti."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi, na mpaka leo naona alisema kweli. Hata mimi sijui. Nyie mkisikia mtu anasema dawa fulani imemponya jirani yake, mkumbukeni Teodori, alivyonenepa kwa maji.

Stiroidi ilimkubali Holo. Siku za kwanza tulikuwa tunamgusa tumbo kila mara na kushusha pumzi. Kisha homa ikashuka, kisha akaomba uji. Tabora hakwenda.

Kilichobaki kilikuwa Teodori. Habari za Holo zilimfikia huko Kibaoni, na lori la kwanza lililovuka hifadhi lilimleta, ana kuku wawili wamefungwa miguu na mfuko wa mchele mpya. Daktari alikuwa ameshaniambia maoni yake: asiambiwe chupa zilikuwa na nini, atavunjika moyo bure. Mimi nilisema tutamwambia akiuliza. Tulibishana kidogo. Mwisho daktari akasema, "Akiuliza, basi."

Aliuliza kabla hajaweka kuku chini.

"Sista, yangu ilikuwa ipi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kipimbwe, ili lisije likapotea neno. Alibaki amesimama, kuku wananing'inia.

"Mbona mlituambia tusimpe mtu asiye na ugonjwa huu?" alisema hatimaye. "Mimi nilifikiri sana. Nikasema, Holo anao. Kwa hiyo naruhusiwa."

Na ni kweli, ndivyo maelezo yalivyosomeka, kwenye karatasi waliyoileta kutoka juu na sisi tukaisoma kwa kila mgonjwa neno kwa neno. *Usimpe mtu mwingine asiye na ugonjwa huu.* Aliyeandika aliwaza watu wachoyo na watu wajinga. Hakumwaza mtu mwema. Daktari Ndosi aliomba maneno yale yabadilishwe, yakabadilishwa. Mkiandika maelekezo, nyie, msiulize tu mtu mbaya atayavunja vipi. Ulizeni mtu mwenye huruma atayatii vipi.

"Na mimi," Teodori alisema, "nimepona na nini?"

"Na vidonge labda. Au ugonjwa umepumzika. Hatujui."

"Nimewaambia watu kanisani ni chupa."

"Utawaambia tena."

Akanipa kuku, akavua kofia, akaingia wodini. Nilimfuata, maana sikujua atafanya nini. Holo alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, kitenge kimeshuka mabegani. Kulwa alikuwa anamshikia kikombe. Teodori alipiga goti sakafuni, mtu mzima yule, karibu na beseni.

"Binti yangu, nisamehe. Niliyokupa yalikuwa maji. Dawa ilikuwa yako, nikakunyang'anya nikidhani nakusaidia."

Holo alisukuma kikombe pembeni. Hakuwa mwepesi wa kusema, lakini mmeshaona kuwa akisema, amesema.

"Baba, inuka," alisema. "Wewe ulinipa yako ukiamini ni dawa. Mimi nilikupa yangu nikiamini ni maji. Niliamini hivyo, nikakupa, nikanyamaza. Sasa nani amwombe mwenzake radhi?"

Kulwa aliinamisha kichwa juu ya kikombe. Teodori alibaki na goti lake chini, mdomo wazi, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Holo naye akashika tumbo lake lile bovu, akasema, "Baba, usinichekeshe, linauma," na ndipo wote watatu wakashindwa kabisa, mpaka Mama Eufrasia akafungua mlango kuangalia ni wodi gani hiyo.

Najua mtaniuliza utafiti uliishaje. Uliendelea bila wao. Kwenye mahesabu waliandikwa kama watu waliotoka, na hakuna mahali palipoandikwa kwa nini mtu alitoa dawa yake. Chupa zile ziliisha, Daktari Ndosi akapanda treni na masanduku yake, na baadaye tulisikia kwamba vituo vyote vilipojumlishwa, waliopata dawa walifanya vizuri kuliko waliopata maji. Hakuja mtu kutuletea dawa yenyewe, kwa miaka. Tuliendelea na vidonge na stiroidi. Hilo nalo ni sehemu ya kazi, msije mkashangaa likiwapata. Teodori ugonjwa ulimrudia mara moja baadaye, ukatulia kwa vidonge. Akiulizwa kilichomponya alijibu, "Hospitali wanasema hawajui, na mimi nawaamini."

Siku Holo aliporuhusiwa niliwasindikiza mpaka getini. Lori la kwenda njia ya Sibwesa lilikuwa linanguruma, magunia ya chumvi yamepangwa, abiria wameshakaa juu, dereva anapiga honi kuwahimiza. Kulwa alikuwa amekwishapanda, ananyoosha mkono amvute mkewe. Mzee Masanja alisimama chini, ameangalia upande mwingine kama inavyompasa baba mkwe.

Holo aliweka mguu mmoja kwenye tairi, akasita. Niliujua uso wake huo. Nikasogea nimsaidie kutafuta kisingizio. Lakini yeye aliushusha mguu, akamgeukia mzee, mbele ya lori zima.

"Baba," alisema, "naomba wanisubiri. Nakwenda choo."

Kulwa alifumba macho. Mzee Masanja hakugeuka kumtazama, ila alikwenda mbele ya lori, akapiga boneti kwa fimbo yake kwa nguvu mpaka dereva akatoa kichwa nje.

"Zima gari!" alisema mzee. "Mkwe wangu anakwenda choo. Mpaka arudi, hakuna anayeondoka."